Mjomba wa Ploti Nzima

Kosa lilikuwa la Kezia. Yeye mwenyewe anakubali, na akisimulia hucheka kwanza ndipo aone haya. Afisa wa afya alipofika kwenye ploti na kumuuliza, "Mwenye hii nyumba ni nani kwako?", Kezia alijibu haraka haraka, "Ni mjomba wangu. Ndugu ya mama. Ndiye amenilea."

Hakuna aliyemtuma kuongeza hayo ya kulelewa. Alikuwa ameambiwa aseme mjomba tu. Lakini Kezia akianza kitu hukimaliza, hata kama ni uongo.

Ukweli ni kwamba Kezia ni Mkuria, kwao ni Kegonga. Mwenye nyumba, Mzee Elkanah, ni Mjaluo wa Sindo, kule ziwani, ambako alifanya biashara ya samaki mpaka magoti yakakataa. Kezia alimjua tangu yeye na mumewe Gisiri walipokuja kutafuta chumba Migori mjini, miaka miwili tu iliyopita. Sindo yenyewe hajawahi hata kuiona.

Ploti ya Mzee Elkanah iko upande wa mto. Mbele kuna nyumba yake ya matofali. Nyuma ya nyumba hiyo kuna vyumba vya mabati vya kupangisha, mstari mmoja. Zamani kila chumba kilikuwa na dirisha dogo upande wa nyuma. Halafu watu wakawa wengi mjini. Kila siku mtu anabisha, anauliza chumba. Mzee akajenga mstari wa pili, akaubandika kwenye mgongo wa ule wa kwanza, mgongo kwa mgongo kama mke na mume waliokosana. Madirisha yote yakazibwa. Ukigonga msumari kwako, jirani wa nyuma anaamka.

Kwa hivyo ndani ya vyumba hivyo mchana ni kama usiku. Ukitaka kuona unachopika, unafungua mlango. Ukifunga mlango, unawasha taa.

Kezia aliuza ndizi sokoni. Gisiri alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza milango na madirisha, na alikuwa fundi mzuri. Nyumba nyingi mpya za mtaa huo zilikuwa na madirisha yake. Asubuhi alitoka kwenda kutengenezea watu madirisha. Jioni alirudi kulala kwenye chumba kisicho na hata moja.

Mtoto wao, Emmah, alikuwa na miaka minne. Alikuwa msichana wa maneno mengi na kikohozi kisichokwisha. Walimpa dawa, kikaenda. Baada ya wiki mbili kikarudi kama mgeni aliyesahau kofia.

Siku moja Mzee Elkanah aliwaita wapangaji wake uani.

"Watu wa afya wanazunguka," alisema. "Wanakagua nyumba za kupangisha. Wamemaliza kule juu, sasa wanashuka huku kwetu."

"Si waje tu," alisema Awino. Awino alikuwa jirani wa Kezia, mlango wa pili. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay na hakuogopa mtu.

"Waje waone nini? Hapa si ploti. Hapa ni dala."

Dala ni boma la Mjaluo, nyumbani kwake na watu wake. Wapangaji walitazamana.

"Mtu akiuliza, nyinyi ni watu wangu," mzee aliendelea. "Hatupangishi mtu hapa. Tunaishi."

"Watu wako wa upande gani, mzee?" aliuliza Walter. Walter alikuwa kinyozi, kijana mwenye mdomo, na aliishi mstari wa nyuma. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa Kezia. "Maana hapa kuna Wakuria, kuna Wakisii, halafu kuna mimi."

"Wewe ni mtoto wa ndugu yangu."

"Yule pasta? Akiona hii nywele yangu atanikana mara tatu."

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alimgeukia Kezia. "Mama Emmah, wewe utaniita nera. Kwetu nera ni mjomba, ndugu ya mama yako."

"Nera," alisema Emmah kabla ya mama yake kufungua mdomo. Mzee akatabasamu, akamkatia kipande cha muwa. Tangu siku hiyo Emmah hakumuita jina lingine.

"Na tukikataa kudanganya?" Awino aliuliza.

"Basi watafunga hii mahali," mzee alisema. "Na nyinyi mtalala steji ya matatu."

Hapo kicheko kiliisha. Kezia alifikiria shule ya Emmah iliyo hapo karibu, na kibanda chake sokoni, na jinsi walivyohangaika kupata hicho chumba. Moyoni akasema, mjomba ni neno tu, halinipunguzii kitu.

Afisa alikuja Jumanne. Jina lake lilikuwa Mourine. Alivaa gambuti na alibeba futi ya kupimia. Watu walimuita daktari, ingawa alisema mara mbili kwamba yeye si daktari, yeye ni afisa wa afya ya umma.

"Hamjambo? Tunakagua nyumba za kupangisha. Hii ni ploti ya nani?"

"Hii ni dala," alisema Awino, akiangalia omena zake kwenye neti.

"Dala. Sawa." Mourine alihesabu milango kwa macho. "Ni dala kubwa. Na wewe mama, mwenye hii nyumba ni nani kwako?"

Ndipo Kezia akajibu yale ya mjomba na ya kulelewa, akaongeza kwamba mjomba huyo kwao ni Sindo.

"Kumbe mama yako ni wa Sindo," alisema Mourine, kwa upole tu.

"Ndiyo."

"Sindo sehemu gani?"

"Pale… karibu na maji."

"Sindo yote iko karibu na maji, dada yangu."

Walter alikohoa ili asicheke. Mourine alitazama mlango wa Kezia uliokuwa wazi. Alitazama giza lililokuwa ndani, kisha akamtazama Emmah, ambaye naye alikuwa akikohoa, lakini kikohozi cha kweli.

"Sawa," alisema Mourine. "Leo nimetumwa kwa nyumba za kupangisha. Mkisema hapa ni nyumbani kwa mtu na familia yake, siwezi kuwalazimisha kunieleza mengine. Lakini ofisi yetu mnaijua, iko nyuma ya soko. Mtu akiwa na neno, aje. Hata kama ni neno la kurekebisha lile la kwanza."

Akaenda. Mzee Elkanah, ambaye wakati wote huo alikuwa nyuma ya pazia lake, alitoka akawapa kila mlango samaki mmoja. Kezia alimpika wake kwa nyanya. Alikuwa mtamu. Lakini kila akitafuna, alisikia, "Sindo sehemu gani?"

Mvua ndefu zilianza mwezi huo. Kwa kawaida wapangaji wote walipikia nje, mbele ya mlango. Mvua ikinyesha, kila mtu aliingiza jiko ndani. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyeona ubaya. Makaa yakishashika vizuri, moshi huisha. Watu husema basi, sasa ni salama, ingiza.

Jumamosi moja mchana mvua ilikuja na upepo. Kezia aliinua jiko lake lililokuwa jekundu vizuri, akaliingiza ndani, akateleka maharagwe. Maji ya mvua yalikuwa yanarushwa mpaka kitandani, kwa hivyo akafunga mlango. Akaziba na nafasi ya chini kwa gunia. Chumba kikapata joto zuri. Emmah alilala. Kezia naye akaketi kando ya kitanda akimenya viazi.

Kichwa kilianza kumuuma. Akasema ni njaa. Kisha miguu ikawa mizito, kama ya mtu mwingine. Akasema ni uchovu wa soko. Kisu kilimtoka mkononi. Aliona kikianguka, akataka kukiokota, akaona ni kazi kubwa sana.

Kwa bahati, mlango wa pili, jiko la Awino lilikuwa limelowa. Mahali hapo mtu akikosa moto haanzi kuhangaika na kiberiti. Anachukua kopo, anaenda kwa jirani kuomba makaa mawili matatu. Awino alijifunika gunia kichwani, akakimbia na kopo lake.

"Mama Emmah! Nigawie moto."

Kimya.

"Mama Emmah, si unajua nanyeshewa? Maharagwe yako nayasikia mpaka huku."

Kimya. Awino akasukuma mlango kwa bega. Gunia likakataa kidogo, kisha mlango ukafunguka. Alimkuta Kezia ameegemea kitanda, macho nusu wazi, haongei. Emmah alikuwa analala usingizi usiosikia kuitwa.

Awino hakuuliza maswali. Alimbeba mtoto akamtoa nje kwenye mvua. Akarudi akamburuta Kezia kwa kwapa. Akapiga mayowe. Walter akatokea na povu la sabuni mkononi, akakimbia barabarani kutafuta pikipiki.

Hospitalini walipewa hewa safi ya mtungi. Kezia alitapika, kisha akili ikarudi. Emmah alichelewa kuzinduka. Gisiri alifika akiwa bado na miwani ya kazi kichwani, akasimama kando ya kitanda cha mtoto. Alipofungua macho, Emmah aliomba muwa. Hapo Gisiri alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Aliporudi, daktari alimwambia, "Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Haina moshi, haina harufu, huwezi kuiona. Kwa chumba kilichofungwa inamlaza mtu, na mtu hajui analazwa. Jirani angechelewa, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Hiyo chumba iko na dirisha?"

"Mimi ni fundi wa madirisha," alisema Gisiri.

"Nimeuliza chumba chako."



Walirudi nyumbani Jumatatu. Gisiri alienda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma akaupima kwa kiganja.

"Leo nakata hii mabati," alisema.

"Baba Emmah, ngoja," alisema Kezia.

"Ningoje nini? Nimekaa miaka miwili nikingoja."

Sauti ya Walter ilitoka upande wa pili wa ukuta. "Fundi, ukikata hapo utaniona nikilala. Na mimi sivai kitu kizuri."

Gisiri alikaa chini. Ilikuwa kweli. Dirisha la hapo lisingeleta hewa ya nje. Lingeleta hewa ya Walter.

"Tuhame," alisema.

"Twende wapi? Tumeuliza kila mahali. Huku ni giza, kule ni maji yanaingia, na pale kwingine choo kimoja watu ishirini." Kezia alimtazama Emmah, aliyekuwa amekaa mlangoni akiongea na kuku. "Kuna pahali nimekosea, Baba Emmah. Yule afisa aliniuliza, nikadanganya. Kama ningesema ukweli siku ile, angeingia ndani."

"Sasa unataka kwenda kumwambia nini?"

"Kwamba sina mjomba Sindo."

"Mzee atatufukuza."

"Huenda," alisema Kezia. "Lakini mvua itanyesha tena, na mimi siwezi kulala nikiangalia kama mtoto anapumua."

Kesho yake Kezia alienda ofisini nyuma ya soko. Mourine alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Alimtambua mara moja.

"Karibu, dada. Mjomba hajambo?"

Kezia alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. "Si mjomba," alisema, na machozi yakaanza kutoka.

Mourine alimvutia kiti, akampa chai yake mwenyewe, akangoja. Kezia akaeleza yote, kuanzia kwa nera mpaka kwa lile kopo la Awino.

"Pole sana," alisema Mourine. "Nilijua si mjomba. Lakini mimi nikija peke yangu, na watu wote wananiambia ni familia, sina pa kushika. Mkaguzi anasaidiwa na mtu anayeishi ndani. Ukuta hauongei."

"Mtafunga nyumba?"

"Hilo ndilo mliambiwa?"

"Tuliambiwa tutalala steji."

Mourine alitikisa kichwa. "Sikiliza, Mama Emmah. Kazi yetu ya kwanza si kufunga. Tukikuta kitu cha kuhatarisha afya, tunampa mwenye nyumba ilani. Ilani ni karatasi ya kumwambia rekebisha hiki na hiki, na muda ni huu. Akirekebisha, yamekwisha. Akikataa, tunaenda naye mahakamani, yeye, si nyinyi. Kufunga ni pale nyumba inaweza kuua mtu kesho, na haitengenezeki."

"Na akijua ni mimi nimesema?"

"Mimi sitamwambia. Mtu akitoa habari kwetu, jina lake linabaki kwetu. Na akikwambia uhame kwa sababu ya hii, usifunge virago siku hiyo. Njoo hapa kwanza. Mpangaji hafukuzwi kama kuku. Kuna sheria ya notisi, na kuna baraza la mambo ya kodi. Tutakuonyesha njia."

"Atajua tu," alisema Kezia. "Mimi ndiye nilibebwa nikiwa sijitambui. Ploti yote iliona." Alifuta macho, akamaliza chai. "Basi ajue."

Mourine alicheka kidogo. "Mpaka niangalie nyumba, ukipika, jiko likae nje. Mvua ikikuja, hata kama makaa ni mekundu na hayana moshi, usiingize ndani ya chumba cha kulala. Na mkiwa ndani mtu akisikia kichwa kizito na kizunguzungu, msiulizane. Tokeni nje wote, halafu mwende hospitali."

Alhamisi Mourine alikuja na mwenzake mmoja. Safari hii Mzee Elkanah alitoka mwenyewe, na fimbo yake, akasimama katikati ya uwanja.

"Binti yangu, nilisikia ulishakuja. Hii ni dala. Mtu haingii kwa dala ya mtu kuhesabu milango."

"Mzee, misawa," Mourine alimsalimu kwa Kijaluo, kwa heshima, akainama kidogo. "Mimi pia nimezaliwa dala. Naijua. Ndiyo maana nataka kuuliza. Huyu Mama Emmah ni nani kwako?"

Wapangaji wote walikuwa nje. Awino aliacha kugeuza omena. Mzee alimtazama Kezia, Kezia akatazama chini.

"Ni mtoto wa dada yangu," mzee alisema.

"Kumbe Emmah ni mjukuu wako."

"Eeh."

"Juzi huyu mjukuu alilala hospitali siku mbili. Ulienda kumuona siku gani?"

Mzee aliihamisha fimbo yake mkono wa pili.

"Kwetu mtoto wa dada akiwa mgonjwa," Mourine aliendelea, bila kupandisha sauti, "nera hulala mlangoni pa hospitali. Au huko Sindo mko na desturi nyingine?"

Hakuna aliyecheka, hata Walter. Emmah alitembea mpaka kwa mzee, akamshika fimbo. "Nera, nilikuwa hospitali. Walinipa hewa ya chupa."

Mzee Elkanah alitafuta jiwe la kukalia. Alikaa, mkono kwenye kichwa cha Emmah.

"Sikuenda," alisema. "Niliogopa wataniuliza nyumba ni ya nani." Akatema mate kando. "Huyo si mtoto wa dada yangu. Hawa wote ni wapangaji. Ingia uangalie."

Mourine aliingia kila chumba. Alipima. Aliangalia choo, ambacho sakafu yake ilikuwa na ufa wa kuingiza vidole. Aliangalia nyaya za stima zilizofungwa kwa kamba ya plastiki. Alipotoka, aliongea na wote pamoja, mzee akiwa amekaa hapo hapo.

"Chumba cha kulala watu lazima kiwe na dirisha linalofunguka, na lifungukie nje, si kwa chumba cha mtu mwingine. Hewa mbaya itoke, nzuri iingie. Hapa hata bila makaa, watu wengi kwa chumba kilichofungwa ni nafasi nzuri ya kifua kikuu. Kikohozi cha huyu mtoto kitaangaliwa pia. Mzee, huu mstari wa nyuma umeziba ule wa mbele, na wenyewe hauna dirisha. Ni lazima utoke."

"Nitoke?" Walter aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mstari wa nyuma ni mimi. Wengine wamehama maji ya mvua yalipoanza kuingia. Tumebaki wawili huko, mimi na Arasa wa mahindi, naye anahamia kwa ndugu yake mwisho wa mwezi. Sasa mimi nimefanya nini?"

Kezia aliona aibu. Hakuwa amefikiria hilo. Dirisha lake lilikuwa nyumba ya Walter.

"Ilani haisemi mtu alale nje," alisema Mourine. "Mzee, kile chumba kizuri cha mwisho, karibu na nyumba yako, mbona kimefungwa? Nani anaishi?"

"Hakuna mtu. Ni vitu vyangu."

"Naweza kuona?"

Mzee alisita, kisha akatoa ufunguo shingoni. Chumba kilikuwa kikubwa, na kilikuwa na madirisha mawili. Jua liliingia mpaka ukutani. Ndani kulikuwa na nyavu za kuvulia, milima ya nyavu, na makasia mawili yaliyopakwa rangi. Zilikuwa nyavu za Sindo, za tangu alipoacha kazi. Hakuna hata moja iliyogusa maji tangu hapo.

Awino alichungulia juu ya bega la afisa. "Lo! Kumbe hapa nyavu zinapumua kuliko watoto."

Mzee Elkanah alisimama mlangoni. Alishika wavu mmoja, akausugua kwa vidole kama mtu anayepima kitambaa.

"Hizi zililisha nyumba yangu," alisema.

"Najua, mzee," alisema Mourine.

"Hii nilinunua mwaka ule samaki walikuwa wengi mpaka tukawapa mbwa." Akauachilia. "Walter, wewe unakoroma?"

"Kidogo."

"Anakoroma sana," alisema Kezia. "Miaka miwili nimesikia."

"Basi kaa hapa," alisema mzee. "Nyavu nitajua pa kuzipeleka."

Ilani iliandikwa hapo hapo, juu ya goti la Mourine, na mzee akapewa mwezi mmoja. Alinung'unika muda wote, lakini hakungoja mwezi uishe. Walter alihamia kwa nyavu. Arasa alienda kwa ndugu yake. Mstari wa nyuma ulibomolewa, bati baada ya bati, na Gisiri ndiye aliyeshika nyundo. Mzee alimpa kazi ya madirisha yote.

"Nataka kama yale ulitengenezea watu wa kule juu," mzee alisema.

"Yatakuwa mazuri kuliko hayo," alisema Gisiri. "Moja ni langu."

Siku dirisha lilipofunguliwa, Kezia aliingia ndani akasimama. Alikuwa hajawahi kuona chumba chake. Kulikuwa na utando wa buibui wa ukubwa wa kanga. Kijiko kilichopotea mwaka jana kilikuwa nyuma ya sanduku. Na blanketi lao, ambalo siku zote alilijua kuwa jeusi, lilikuwa la zambarau.

"Baba Emmah, tumekuwa tukijifunika rangi hii?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Gisiri.

Mabati yaliyobomolewa hayakutupwa. Walijenga nayo kibanda cha kupikia uani, paa juu, pande zote wazi. Sasa mvua ikinyesha, wanawake hupikia hapo, majiko yamepangwa safu moja, na mtu akikosa moto hanyeshewi akienda kuomba. Sakafu ya choo ilimwagwa upya. Fundi wa stima alikuja akatoa zile kamba.

Emmah alipimwa kifua, kikaonekana kiko sawa. Kikohozi kilipungua, kisha siku moja Kezia akakumbuka kwamba hajakisikia kwa muda. Hakujua kiliisha lini.

Mourine alirudi kuangalia kazi. Alifungua na kufunga kila dirisha, akapiga tiki zake. Wenye ploti wawili wa jirani walikuwa wamesimama kwa ua wakitazama, na mmoja alimuuliza Gisiri kwa sauti ya chini kama anaweza kupitia kwake apime madirisha.

"Na wewe," Mourine alimwambia Kezia alipokuwa akiondoka, "ukiulizwa tena nyumba ni ya nani?"

"Nitasema ni ya landlodi."

"Si nera?"

"Nera ni wa Emmah."

Na ni kweli. Siku hizi Emmah akichubuka goti tu, Mzee Elkanah huja na fimbo yake kuuliza hali.

Kilichobaki ni nyavu. Mzee alikuwa amezihamishia sebuleni kwake. Mke wake alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili harufu ya Sindo ilianza kutoka kwenye viti. Jumapili baada ya kanisa, alimwambia mzee achague, nyavu au yeye.

Mchana huo kila mtu alikuwa kwake anakula. Kezia alikuwa anamegea Emmah ugali chini ya dirisha. Walimsikia mzee akitoka nje. Walimsikia akivuta kitu kizito, akipumzika, akivuta tena. Kisha akasafisha koo katikati ya uwanja.

"Watu wangu," aliita. "Si sisi ni familia? Kuna mtu yuko na nafasi kidogo tu, hata chini ya kitanda, aniwekee hizi nyavu?"

Gisiri aliacha kutafuna. Kezia alimwekea Emmah kidole mdomoni anyamaze. Kwa Awino sufuria ilinyamaza. Hata Walter, ambaye hukosi kumsikia, hakusikika.

Zamani mzee angefikiri hawajasikia, kwa sababu ya zile kuta. Lakini siku hiyo kulikuwa na jua, na madirisha yote yalikuwa wazi.